Bahati Nasibu na Umri: Maswali Ninayoulizwa Kaunta Kila Siku

Nina duka Kayole, Nairobi, mwendo mfupi kutoka stendi ya matatu. Nauza mkate, maziwa, unga na bando, naweka na kutoa pesa za simu, na kwa miaka mingi nimeuza tiketi za bahati nasibu: zile za kukwangua kwa sarafu na zile za kusubiri droo. Kuhusu umri naulizwa maswali yale yale na wazazi, na vijana, na wenzangu wa maduka ya jirani. Nimeyakusanya hapa ili nisiwe nakatiza foleni ya watu wa maziwa kila jioni. Mimi si wakili, ila sheria hii nimelazimika kuijua kwa sababu leseni yangu inaitegemea.

Mtu anaruhusiwa kununua tiketi akiwa na miaka mingapi?

18. Si 16, si "akishamaliza shule", si "akishakuwa na simu yake". Katiba ya 2010, kifungu cha 260, inasema mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, na sheria za kamari zinasimama hapo hapo. Sheria tuliyoizoea ilikuwa ya mwaka 1966, Sura ya 131, iliyosimamiwa na bodi ambayo wengi wetu tunaijua kwa herufi zake, BCLB. Agosti 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari, iliyokuja kuchukua nafasi ya hiyo ya zamani na kuunda mamlaka mpya ya kusimamia mchezo mzima. Mengi yamebadilika humo, lakini 18 imebaki 18.

Usije ukaambiwa bahati nasibu ni kitu tofauti na kubeti kwa hiyo umri wake ni mdogo. Tiketi ya kukwangua, jackpot ya mpira, kasino ya mjini na kindege kile cha kubeti kinachopaa kwenye simu vyote vina mlango mmoja.

Ametimiza au anakaribia kutimiza?

Awe ametimiza. "Natimiza wiki ijayo" ni habari njema, arudi wiki ijayo.

Watu wengi wa maduka hukosea hesabu kwa sababu wanatoa mwaka tu. Mimi nimebandika karatasi upande wa ndani wa kaunta, na kila Januari naibadilisha. Kwa mwaka 2026 imeandikwa hivi: aliyezaliwa 2007 au kabla, sawa, 2009 au baadaye, hapana, 2008, soma siku na mwezi. Hao wa 2008 ndio wenye shida. Kijana aliyezaliwa Novemba 2008 atakuja Machi na kitambulisho cha binamu yake, au atakuja mikono mitupu akasema kwa sauti nzito, "Mimi ni wa elfu mbili na nane, hesabu mwenyewe." Ukihesabu kwa haraka unapata 18. Ukihesabu vizuri unapata 17.

Nikimwona ni mtu mzima kabisa, bado nimwombe kitambulisho?

Mwombe. Niliwahi kumkatia kijana mmoja tiketi tatu za kukwangua bila kumuuliza chochote. Mrefu kuliko mimi, ndevu zimeanza kuchomoza, ananiita "boss", ananunua na sigara moja. Kesho yake mama yake alikuja dukani amemshika mkono, yule kijana akiwa na sweta ya shule, na hapo ndipo nilipojua yuko kidato cha pili. Mama hakupiga kelele. Aliweka zile tiketi tatu zilizokwanguliwa juu ya kaunta, mbele ya wateja wangu, akaniuliza, "Baba, huyu ulimwona wa miaka mingapi?" Sikuwa na jibu. Sigara ndiyo iliyonimaliza zaidi, maana nayo ina sheria yake ya 18 na nilikuwa nimezivunja zote mbili kwa dakika moja.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni kwamba yeyote ninayedhani ana chini ya miaka 30 anatoa kitambulisho. Wa miaka 27 hukasirika kidogo, halafu wengine hufurahi.

Mtoto ametumwa na mzazi. Ana pesa taslimu na jina la tiketi limeandikwa kwenye karatasi. Nimuuzie?

Hapana. Hili ndilo swali gumu kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa sababu mitaani kwetu mtoto hutumwa kila kitu. Anatumwa unga, mafuta ya taa, kadi ya stima, dawa ya kichwa. Baba amekaa kwenye ngazi za ploti anasikiliza redio, kwake tiketi ni kitu kingine tu cha kutumwa.

Lakini sheria haiangalii tiketi itaishia mfuko wa nani. Inaangalia aliyesimama mbele yako, anayetoa pesa na kupokea tiketi. Ukimpa mtoto wa miaka kumi, umemuuzia mtoto wa miaka kumi, hata kama baba yake yuko hatua ishirini kutoka hapo anakupungia mkono. Karatasi ya mzazi haibadilishi chochote. Simu ya mzazi haibadilishi chochote.

Kuna na jambo la pili ambalo nimeliona kwa macho yangu. Mtoto anayetumwa tiketi Jumamosi nne mfululizo anaijua bei, anajua ni sehemu gani ya kukwanguliwa kwanza, anajua na uso wa baba ulivyokuwa siku ile ya kushinda shilingi mia mbili. Jumamosi ya tano atakuja na pesa zake za chakula cha mchana. Mwenyewe atakwambia ametumwa, na utamwamini kwa sababu ulishamwamini mara nne.

Mimi humwambia mtoto, "Mwambie baba nimemsalimia, na tiketi namwekea, apite mwenyewe." Baba mmoja alihama duka langu kwa ajili hiyo. Wengine hupita tu wakitoka kazini.

Mtu ana kitambulisho halali, ametimiza 18, lakini amevaa sare ya shule.

Kisheria anaruhusiwa. Wapo wengi wa kidato cha nne ambao wameshatimiza 18. Mimi simuuzii, na hakuna sheria inayonilazimisha kuuza. Duka ni langu, na mwalimu mkuu wao hununua maziwa hapa.

Nimetimiza 18 lakini kitambulisho bado hakijatoka. Nifanye nini?

Subiri. Najua inauma: umepiga picha na kuweka alama za vidole, umepewa karatasi ya kusubiria, na kila ukienda Huduma Centre unaambiwa upite wiki ijayo. Pasipoti ikiwa unayo ni ushahidi mzuri wa umri, ina tarehe ya kuzaliwa na picha. Cheti cha kuzaliwa kina tarehe lakini hakina uso, kwa hiyo chaweza kuwa cha mtu yeyote. Karatasi ya shule siikubali hata kidogo.

Kutumia kitambulisho cha kaka ni kosa jingine kabisa, chini ya sheria ya usajili wa watu, na ni kosa lako wewe mwenye kukitumia.

Je, muuzaji naye ana umri wake?

Ndiyo, na hapa ndipo maduka mengi ya familia yanapojikwaa. Likizo zikifika watoto hukaa dukani. Binti yangu ana miaka 16, anajua bei kuliko mimi, na Sheria ya Ajira ya 2007 inakubali mtu wa miaka 16 kuajiriwa kazi isiyo ya hatari. Kuuza mkate, sawa. Kuuza bahati nasibu ni hadithi nyingine, mtoto hatakiwi upande wowote wa kaunta ya kamari, si wa kununua wala wa kuuza. Na hebu fikiria: utamtegemeaje msichana wa miaka 16 amwombe kitambulisho mwanamume wa miaka 19 anayemchekea, halafu amkatalie?

Kwangu tiketi zinakaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli na ufunguo ninao mimi na mke wangu. Nikiwa nimeenda Gikomba kuchukua mzigo, hakuna tiketi. Mteja akiuliza, binti husema tu, "Mzee ametoka na ufunguo."

Shule ya mtoto wangu imempa kitabu cha tiketi za bahati nasibu auze kwa ajili ya harambee ya kununua basi. Ni halali?

Nimeulizwa hili na mama mmoja aliyekuwa amebeba kitabu chenyewe, tiketi hamsini za shilingi mia, zawadi ya kwanza mbuzi. Jambo jema halifuti sheria. Bahati nasibu inayouzwa kwa umma inataka kibali, awe anayeiendesha ni kampuni, kanisa au kamati ya wazazi. Mbuzi ni zawadi, shilingi mia ni pesa, jina linachomolewa kwenye ndoo: hiyo ni bahati nasibu.

Kuna na suala la mtoto kutembeza tiketi nyumba kwa nyumba. Anajua majirani hawawezi kumkatalia, na ndiyo maana akapewa yeye. Ushauri niliompa yule mama: arudishe kitabu, aulize kamati kuhusu kibali kwa upole, atoe mchango wake mkono kwa mkono na aandikiwe risiti. Tiketi zilizobaki ziuzwe na wazazi wenyewe, siku ya harambee, uwanjani.

Siku hizi nani anakwangua? Mambo yako kwenye simu. Huko umri unakaguliwaje?

Kweli, na hapa ndipo ninapotaka wazazi wasome polepole. Zamani mtoto ilimbidi apite mbele ya macho ya mtu kama mimi. Sasa kinachokaguliwa ni laini. Laini ya simu nchini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, na kampuni ya bahati nasibu inapopokea shilingi hamsini kwa namba ya malipo, inachoona ni jina la mwenye laini. Kama ni jina la mama mwenye miaka 41, basi aliyenunua ana miaka 41. Vidole vilivyobonyeza vyaweza kuwa vya miaka kumi na mbili.

Wala hakuna udukuzi wowote hapo. Mtoto anajua namba yako ya siri kwa sababu ulimtuma siku moja alipie umeme ukiwa na mikono kwenye unga wa chapati, ukaitaja kwa sauti jikoni. Ananunua, meseji inaingia, anaifuta. Wewe unaona salio limepungua na unadhani ni makato.

Vitu vitatu vya kufanya leo, na havina gharama kubwa:

Kwanza badilisha namba ya siri, na mwaka wa kuzaliwa wa kifungua mimba usiutumie, maana huo anaujua vizuri kuliko wewe.

Pili, bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mama mmoja wa mtaa huu alikuta laini nne, yeye anatumia mbili. Ya tatu alimsajilia kijana wake alipoanza kidato cha kwanza ili aweze kumpigia wakati wa likizo, akaisahau. Mbele ya mitambo laini hiyo ni ya mama mtu mzima, mlango wote uko wazi.

Tatu, kama uko Safaricom, *334# inakupa taarifa ya M-PESA. Meseji inafutika, taarifa haifutiki. Isome jina kwa jina. Duka la dawa litaonekana, mama mboga ataonekana, na kampuni ya bahati nasibu itaonekana pia, saa nne na nusu usiku ulipokuwa umelala.

Kama mtoto kweli anahitaji pesa kwenye simu, Safaricom wana M-PESA Go ya watoto wa miaka 10 hadi 17, inayofunguliwa chini ya mzazi. Afadhali hiyo, inayojua kwamba mtoto ni mtoto, kuliko laini inayodanganya kwa niaba yake.

Mtoto akishinda, pesa ni za nani?

Kitu cha kwanza anachoombwa mshindi wa zawadi kubwa ni kitambulisho. Mtoto hana, kwa hiyo tiketi iliyo mkononi mwake ni karatasi. Kwenye simu ni hivyo hivyo: zawadi hufuata laini, na laini ni ya mwenye kitambulisho.

Usije ukapanga "nitadai kwa jina langu, nimwekee mtoto". Unapodai unasema tiketi ulinunua wewe. Kama kaunta ina kamera na kamera inaonyesha kaptula ya buluu ya shule, umejitia kwenye matatizo na umemtia mwenye duka pia.

Naweza kumpa mtoto tiketi kama zawadi ya kuzaliwa?

Mnunulie kitu kingine. Mandazi hata.

Promosheni za vizibo vya soda na zile za redioni za "tuma jina lako" zinahusiana na haya?

Zinahusiana. Mashindano ya zawadi nayo yamekuwa yakitolewa leseni na bodi ile ile ya kamari, na ukisoma maandishi madogo utakuta sharti la miaka 18 limejibanza chini kabisa, rangi ya kijivu juu ya nyeupe. Watoto hawasomi maandishi madogo. Wanaokota vizibo stendi nzima. Mtoto akija na kizibo cha kushinda soda ya bure, kinampa furaha ya dakika tano na sina neno naye. Lakini kama ni namba ya kutuma iingie droo ya gari, basi mwenye kutuma awe mtu mzima.

Za redioni zina ujanja wake. Mtangazaji anapiga simu hewani, mshindi analia, mtaa mzima unasikia, na mtoto aliyekaa mezani na kazi ya shule anasikia pia. Matangazo yalizidi kiasi kwamba Aprili 2025 bodi ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Zile wiki redio ya dukani ilikuwa na nafasi ya kusoma hata matangazo ya vifo.

Na zile mashine za sarafu, na wale wa pata potea?

Pata potea hauhusiani na umri. Ule ni wizi wa mchana wenye karata tatu, na wale wanaoshinda mbele yako ni wenzake. Mashine za sarafu nazo, serikali iliwahi kufanya msako mkali wa kuzikamata na kuziharibu wakati Fred Matiang'i akiwa waziri wa usalama wa ndani, na sababu mojawapo iliyotajwa ni watoto wa shule. Ukiiona nyuma ya kinyozi bila leseni ukutani, hakuna mtu huko anayeuliza kitambulisho.

Nimkague mteja, niandike namba yake au nipige picha kitambulisho chake?

Angalia, rudisha. Tarehe ya kuzaliwa na uso ndivyo unavyohitaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuuliza: hiyo picha unaiweka ya nini, na nani mwingine ataiona? Kuna muuzaji alikuwa na picha za vitambulisho vya watu mia kwenye simu yake, halafu simu ikaibwa kwenye matatu.

Nikivuka mpaka, 18 yangu inanifuata?

Tanzania ni 18 pia. Uganda haikufuati: sheria yao ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya 2016 imeweka 25. Kijana wa miaka 22 aliyekuwa mtu mzima Busia upande wetu anavuka barabara na kuwa mdogo. Mjomba aliye Marekani naye asikudanganye kwamba kwao ni umri mmoja. Majimbo mengi ni 18, Nebraska ni 19, na Iowa, Louisiana, Arizona na Mississippi ni 21. Uingereza walikuwa wakiuzia hata wa miaka 16 hadi walipopandisha bahati nasibu ya taifa kuwa 18 mwaka 2021. Sijasikia popote walikoshusha.

Namjua mtu anayewauzia watoto. Nimripoti wapi?

Anza kwa kuongea naye, kama ni jirani. Wengine hawajui, kama mimi nilivyojifanya sijui. Asiposikia, mpelekee chifu au kituo cha polisi, na unaweza kuiandikia mamlaka ya kamari kuhusu leseni yake. Kama ni mtoto ambaye tayari ameshanaswa, anauza vitu vya nyumbani apate pesa ya kucheza, namba 116 ni ya simu ya watoto, haina malipo, na wanapokea mzazi pia.

Wewe mwenyewe kwa nini bado unauza?

Huyu ni mke wangu ndiye huuliza. Nauza kwa sababu wazee wa hapa wananunua moja Ijumaa, wanakwangua wamesimama mlangoni, wanacheka, wanaenda nyumbani. Mapato yake hayafiki ya mkate. Sanduku la bati liko juu ya rafu ya unga, mahali ambapo hata binti yangu hafiki bila kigoda, na kigoda nacho nimekihamishia chumbani.